Walidhani bado najaribu vyombo

Shikamoo Shangazi,

Majibu yako nimeyasoma kwa muda mrefu, na leo nakuandikia kwa sababu nimekosa mtu wa kumweleza jambo hili bila yeye kunionea huruma au kunicheka.

Mimi ni mpiga gitaa, nina miaka 29. Napiga peke yangu, bila ngoma, bila besi, bila kuimba. Gitaa langu nalilaza mapajani, napachika skrubu na vibanio katikati ya nyuzi, nazisugua kwa fimbo ya chuma, na wakati mwingine nasogeza feni ndogo ya betri hadi bawa lake la plastiki liguse uzi mmoja. Nina pedali inayonasa nilichopiga na kukirudia, nami najenga juu yake polepole. Kazi hii nimeifanya miaka sita. Nimezoea vyumba vidogo, watu 20 au 30 waliokaa chini, wengine wamefumba macho. Naipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya.

Miezi miwili iliyopita mpiga ngoma wa bendi moja ya roki yenye mashabiki wengi alinisikia kwenye chumba kimojawapo. Shoo ilipoisha akanifuata, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia anataka niwafungulie shoo zao tatu. Usiku ule sikupata usingizi kwa furaha.

Shoo ya kwanza ilikuwa wiki iliyopita. Ukumbi wa watu kama 500, wote wamesimama. Nilipewa dakika 35. Nikatoka gizani, nikakaa kwenye kiti, nikainamia gitaa na kuanza kama ninavyoanza siku zote: uzi mmoja, mzito, nausugua taratibu kwa dakika kama nne, sauti inapanda na kushuka kidogo sana. Hakuna aliyenyamaza. Hata makofi ya kunikaribisha hayakupigwa. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba walidhani mimi ni fundi, bado najaribu vyombo.

Dakika ya tano kijana mmoja wa mbele akapaza sauti: "Kaka, ukimaliza kutyuni utuambie!" Kicheko kikaanzia pale mbele kikaenda hadi mlangoni. Tangu hapo nikawa namwona kila mtu. Msichana ameinua simu ananirekodi, mkono mwingine ameziba mdomo. Mwanamume ametia vidole masikioni na ananitazama usoni. Watu sita wamenipa mgongo, wanapiga soga. Wengine wanatoka. Nilipofika kwenye sehemu ya feni, ile ya sauti hafifu ninayoipenda kuliko zote, sikujisikia mwenyewe. Nilisikia glasi, nikasikia mtu akimsimulia mwenzake ugomvi wa kazini kwao, neno kwa neno. Kisha yakaanza yale makofi ya polepole, pa, pa, pa, ya kumwambia mtu ashuke.

Shangazi, hapo hasira zikanipanda. Zilibaki dakika kama sita. Nikakanyaga pedali ya mkwaruzo, nikafungua sauti hadi mwisho, nikasimama na gitaa mbele ya amplifaya nikaliacha lilie. Haukuwa muziki. Nilitaka wanyamaze, na kama hawanyamazi, basi waumie. Niliona watu wa mbele wakirudi nyuma. Mwishowe nikaliegemeza gitaa kwenye amplifaya likiwa bado linalia, nikaondoka bila kuinamisha kichwa na bila kusema neno. Fundi mitambo ndiye aliyelizima.

Baadaye nilikaa kwenye meza ya kuuzia santuri zangu. Hakuja mtu isipokuwa mama mmoja wa makamo. Akaniuliza, "Ule mlio wa mwanzo kabisa, kabla hawajaanza kucheka, ulikuwa uzi gani?" Nikamjibu, "Wa sita," bila kuinua uso, nikaendelea kukunja nyaya. Akasimama kidogo, kisha akaenda zake.

Kaka yangu mkubwa alikuwepo. Njiani akaniambia, "Mdogo wangu, wale wamelipa kiingilio wafurahi. Wewe umejipigia mwenyewe." Video ya yule msichana nayo imeshazunguka, watu wameiwekea vikatuni vya kucheka. Na bendi bado inanitaka kwa shoo mbili zilizobaki. Inayofuata ni wiki tatu kutoka leo.

Niambie ukweli. Nijitoe? Au niandae nyimbo za kawaida zenye mdundo, niwape wanachotaka, na muziki wangu niubakize kwenye vile vyumba vyangu? Na hawa watu hawana masikio, au mimi ndiye sina cha kuwapa?

Mpiga Gitaa Mpweke

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeirudia mara tatu, na mara zote nimekwama pale pale uliposema walidhani bado unajaribu vyombo. Kabla ya kuandika safu hii nilikaa miaka mingi nyuma ya meza ya mitambo ya sauti, katikati ya ukumbi, nikiangalia visogo vya watu. Ukiwa pale unayaona mambo ambayo aliye jukwaani, taa zikiwa zimempiga machoni, hawezi kuyaona. Hebu nikuoneshe ulivyoonekana kutoka kule.

Mtu anatoka gizani. Hasalimii. Anakaa, anainama, anagusa uzi mmoja na kuusikiliza kwa makini. Kila fundi wa gitaa niliyemfahamu hufanya hivyo hivyo kabla bendi haijapanda. Yule kijana aliyepaza sauti hakukutukana. Alisema alichokiona, na alikingoja dakika tano nzima kabla ya kukisema, muda mrefu kwa mtu aliyesimama. Wewe uliingia bila hodi. Kwenye vyumba vyako hodi ilikuwa inapigwa na vitu vingine: viti vimepangwa, mwenyeji anasema machache, taa inapunguzwa, na wale 30 walikuja kwa ajili yako. Mwenyewe hukulazimika kuipiga hata siku moja, ndiyo maana hukujua kwamba haikupigwa.

Swali lako la mwisho nalijibu kwanza, kwa kuwa naona ndilo linalokunyima usingizi. Wale watu wana masikio, na wewe una cha kuwapa. Nina mfano ambao sikuubuni. Tarehe 18 Juni 1967, mpiga gitaa Jimi Hendrix alipiga kwenye tamasha la Monterey, Marekani, na waliokuwepo waliusimulia usiku ule maisha yao yote. Wiki tatu baadaye, tarehe 8 Julai, alikuwa Jacksonville, Florida, akiwafungulia The Monkees, bendi ya vijana iliyotokana na kipindi cha televisheni na iliyopendwa mno na watoto. Watoto wale wakawa wanamwita Davy Jones, mwimbaji wao, katikati ya nyimbo za Hendrix. Ilipofika tarehe 16, baada ya shoo ya Forest Hills, New York, Hendrix akajitoa kwenye ziara. Na waliomtaka awepo ni The Monkees wenyewe, kwa sababu walivutiwa naye, kama mpiga ngoma wako alivyovutiwa nawe.

Mikono ilikuwa ileile, na wiki tatu hazitoshi mtu kusahau kupiga gitaa. Kilichobadilika ni kile ambacho watu walikuja nacho kifuani walipokuwa wanaingia mlangoni. Na uangalie jambo jingine: Hendrix alikuwa na mpiga ngoma, alikuwa na besi, alikuwa anaimba, alikuwa na nyimbo zenye mdundo wa kutosha. Havikumsaidia. Kwa hiyo ukinambia utaandaa nyimbo za kawaida ili upone, nakwambia hiyo si dawa ya ugonjwa huu. Utakuwa umepanda pale na kitu usichokipenda, mbele ya watu ambao baada ya nusu saa watapewa kitu hicho hicho na bendi inayokijua vizuri zaidi yako. Mpiga ngoma alisikia feni ikigusa uzi, ndipo akakufuata. Usimpelekee kitu kingine.

Sasa tuwatazame wale watu mmoja mmoja, kwa sababu umewafunga wote katika kifurushi kimoja na kukiita chuki.

Waliokuwa wanatoka na kuingia nawaweka pembeni kwanza. Dakika za msanii wa kwanza ndizo dakika ambazo watu wanafika, wanatafutana, wanapeleka makoti, wanakwenda msalani ili wasiikose bendi. Nimeona hivyo kwa kila msanii wa kufungua, hata wale walioshangiliwa. Wengi uliodhani wanakukimbia walikuwa wanajiandaa kwa usiku mrefu.

Wapiga soga ndio niliotaka kukaa nao, maana hapo kuna kitu ambacho hata wanamuziki wazoefu hawakijui. Mwaka 1911 daktari wa masikio wa Kifaransa, Étienne Lombard, alichapisha maelezo kwamba mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti yake mwenyewe bila kukusudia. Hajui kama anapandisha. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili waliokaribiana ni kama desibeli 60, kipimo cha nguvu ya sauti. Ukiweka juu yake mlio mzito usiokatika kwa dakika nne, kila anayezungumza atapanda hadi aupite. Mwenzake atapanda pia. Wa jirani naye hivyo hivyo. Ule mlio wako wa mwanzo, mrefu, ulio sawasawa, ulikuwa unawapandisha sauti wewe mwenyewe ukiwa hujui. Kisha ukashuka kwenye feni taratibu, kwa heshima, kama unavyofanya chumbani kwako, na mshuko wa taratibu mtu anayeongea hausikii. Soga lao likabaki juu kama nguo kwenye kamba. Ndiyo maana ukasikia habari za kazini kwa mtu neno kwa neno.

Jambo la pili ni ukumbi wenyewe. Ulipopima sauti mchana, bila shaka ulikuwa mtupu. Miili na nguo za watu 500 humeza sauti, na nyembamba za juu ndizo humezwa zaidi. Bawa la plastiki kwenye uzi ni sauti ya namna hiyo hasa. Mchana uliisikia ikitambaa hadi ukutani, usiku haikufika mbali. Fundi aliyekuwa mezani angeweza kukuongezea kidogo pale juu, lakini ni lazima umweleze kabla. Ulimweleza? Mimi nimewahi kupunguza sauti ya msanii kwa kudhani ni hitilafu ya waya, kumbe ndiyo kazi yake aliyoileta. Ilikuwa sauti ya mkwaruzo mwembamba, kama panya ndani ya dari, nami nikaifuta kabisa nikajipongeza. Alipokuja kuniuliza baada ya shoo sikuwa na pa kuuficha uso. Tangu siku ile nikawa namuuliza kila mmoja: kitu gani chako kinafanana na kuharibika?

Msichana wa simu, aliyekuwa anacheka na mkono mdomoni. Mtu anayedharau hazibi mdomo wake. Anayeziba ameshikwa na kitu ambacho hajui akiweke wapi. Amekurekodi kwa sababu alitaka kumwonyesha mwenzake, "hebu ona hiki." Vikatuni vya kucheka viliwekwa na watu ambao hawakuwepo. Achana navyo.

Na kuna jambo ambalo katika barua yako limepita haraka, nami naliona kubwa. Gitaa lako limelala mapajani, na watu wamesimama. Mtu aliye mstari wa tano anaona kichwa chako na mabega, basi. Skrubu haioni, feni haioni, hajui sauti inatoka wapi. Kwenye chumba cha watu 20 wanaona kila kidole, na ndiyo maana wanavumilia dakika nne za uzi mmoja: wanatazama fimbo ya chuma ikitembea. Uliwapa wale 500 nusu ya kazi yako. Keith Rowe, aliyeanzisha kundi la AMM na wenzake huko London mwaka 1965, ndiye mmoja wa waliotangulia kulilaza gitaa juu ya meza na kulipitishia vitu vya nyumbani, feni zikiwemo. Ukoo wako unatoka kwake, ukitaka kujua. Lakini lililo juu ya meza huonekana na aliyesimama kuliko lililo mapajani. Tafuta meza ndogo, iinamishe kidogo kuelekea kwa watu, na umwombe mtu wa taa akuwekee mwanga mmoja tu, mikononi, usoni kusiwe na kitu.

Sasa zile dakika sita za mwisho. Hapa sikubembelezi.

Umeandika kwamba ulitaka waumie, nami nashukuru hukulificha neno hilo. Lakini litazame vizuri. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Fuata hesabu hiyo: kwenye desibeli 100 ni dakika 15, kwenye 106 hazifiki hata 4. Gitaa linalolia kwa amplifaya iliyofunguliwa hadi mwisho, likipitia maspika ya ukumbi, linafika huko bila kazi. Waliokuwa karibu na maspika hawakuwa lazima ndio waliokucheka. Pengine alikuwepo mmoja aliyewahi mapema ili akusikilize wewe, akasimama mbele kabisa. Sikio likishaumia ndani halioti upya. Wanamuziki wa sauti kubwa wapo, na kazi yao naiheshimu sana, lakini huwaandaa watu, huwagawia vizibo vya masikio mlangoni, nao wanaingia wakijua. Wewe ulitumia mitambo kama fimbo. Na ukamwachia fundi alizime. Mtafute yule fundi kabla ya shoo ijayo umwombe radhi ana kwa ana, maneno machache yanatosha. Mpiga ngoma pia. Usiwaandikie ujumbe, nenda.

Nakuambia haya kwa ukali kwa sababu naamini hicho ndicho kinachokuuma, kuliko kicheko. Ulikuwa na kitu unachokipenda mikononi, ukakigeuza jiwe.

Kuhusu kaka yako. Amekosea kidogo na kupata kidogo. Kulipa kiingilio hakumpi mtu haki ya kupewa anachokijua tu. Ila aliposema umejipigia mwenyewe, alikuwa ameona kitu: tangu ulipotoka gizani hadi ulipoondoka hukuwatazama wale watu hata mara moja isipokuwa kuhesabu maadui. Umeniandikia barua ndefu na hakuna mahali unaposema ulimsalimia mtu.

Robert Fripp, mpiga gitaa wa bendi ya roki ya King Crimson, mtu aliyekuwa ameshazoea majukwaa makubwa, mwaka 1979 alizunguka peke yake na gitaa na mashine mbili za kurekodia za Revox. Mashine moja inanasa, utepe unapita hadi ya pili, sauti inarudi baada ya sekunde kadhaa, naye anapanda juu yake. Pedali yako ni mjukuu wa utaratibu ule. Alipeleka wapi muziki ule? Kwenye maduka ya santuri, migahawa, sehemu ndogo ndogo ambako aliweza kuwaona watu na wao kumwona. Alijua ukubwa wa nyumba inayoufaa. Kwa hiyo hamu yako ya vyumba vidogo si woga, na mtu asikwambie hivyo. Lakini umealikwa tena mara mbili kwenye nyumba kubwa, na mimi ningekwenda.

Ningekwenda hivi. Omba dakika 20 badala ya 35. Wenyewe watafurahi, na wewe utapiga kile tu unachokiamini. Mwombe mpiga ngoma apande na wewe, ashike maikrofoni, aseme kwa maneno yake mwenyewe kwa nini alikuita. Hiyo ndiyo hodi, na ikipigwa na mwenye nyumba hakuna wa kuuliza wewe ni nani. Akishuka, wewe nyanyua ile skrubu, wote waione. Sema kitu kama: "Habari zenu. Nitaiweka hii kwenye uzi wa sita. Itachukua dakika 20, halafu mtaipata bendi yenu." Usieleze falsafa, usiombe msamaha. Watu wanatulia wakijua kitu kina mwisho na mwisho uko wapi.

Kisha usianze na mlio mrefu. Anza na sauti fupi, moja, halafu nyamaza. Nyamaza kweli, mikono juu ya nyuzi, pumzi nne au tano. Utasikia soga likibaki peke yake hewani na kushuka lenyewe, maana halina kitu cha kulipita. Nimeliona hili zaidi ya mara nilizoweza kuhesabu: ukumbi mzima ukajisikia ghafla. Halafu rudia sauti ileile. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionesha mwaka 1968 kwamba watu huelekea kukipenda zaidi kitu walichokutana nacho mara kadhaa, hata kikiwa ni maneno au alama wasizozijua maana. Sauti yako ya skrubu wale watu hawajawahi kuisikia maishani. Wape mara ya pili na ya tatu ndani ya dakika tatu za mwanzo, ili ikirudi mwishoni iwe ni mtu wanayemfahamu. Feni iweke mara tu baada ya ukimya mwingine wa kukatika ghafla, usiiteremkie taratibu. Na fundi awe ameshajua.

Akitokea tena wa kupaza sauti, inua uso umjibu. "Nimeshatyuni, ndugu yangu, hii ndiyo yenyewe." Kwa sauti ya kawaida, kisha uendelee. Wengine watacheka, na safari hii utakuwa unacheka nao.

Bado kuna watakaokupa mgongo. Hilo siwezi kukuondolea, wala si lazima liondoke. Derek Bailey, mzaliwa wa Sheffield, alipiga gitaa miaka mingi kwenye bendi za dansi na maonyesho ya vichekesho kabla hajaacha vyote akaufuata muziki ambao haukuwa na kodi za gitaa (chords) wala mdundo mtu anaoweza kuushika. Mtu aliyejua kabisa namna ya kuwapa watu walichokijia, akachagua kingine, na akadumu nacho hadi alipofariki mwaka 2005. Huenda kumbi zake hazikujaa. Alikuwa na wasikilizaji wake, na wengine walimpata kwa bahati kama yule mama alivyokupata wewe.

Yule mama, mwanangu. Rudi kwenye maneno yake. "Mlio wa mwanzo kabisa, kabla hawajaanza kucheka." Katika ukumbi ule wa watu waliodhani unajaribu vyombo, yeye alijua kwamba umeanza. Alisikiliza dakika nne za uzi mmoja katikati ya zogo, akavumilia na kile ulichowatupia mwishoni, akapita kwenye kundi la watu hadi mezani kwako, akauliza swali ambalo hata mkosoaji wa kulipwa asingelifikiria. Nawe ulikuwa unakunja nyaya.

Hutampata tena yeye, pengine. Lakini shoo ijayo usikunje kitu. Liweke gitaa juu ya ile meza ya santuri, skrubu ikiwa bado iko kwenye uzi wa sita. Atakayekuja kuuliza, msogezee, mpe ile fimbo ya chuma, mwache ausugue mwenyewe. Ukitoka hapo niandikie. Nataka kujua feni ilisikika hadi wapi.

Shangazi yako